Raia Aliyetoka Uwanjani

Nchi ninayoisimulia haimo katika ramani yoyote mliyonayo, kwa hiyo msijisumbue kuitafuta. Ina bendera, ina wimbo, ina mawaziri wa kutosha na wengine wa akiba. Atakayedhani anaifahamu, hilo ni shauri lake. Mimi nasimulia nilivyosikia, na yote niliyoyasikia yalitendwa kwa nia njema.

Katika nchi hiyo watu wote waliishi Uwanjani. Sisemi uwanja wa mpira. Uwanja ulikuwa mtandao wa kwenye simu, mmoja kwa taifa zima, ulioletwa na Wizara ya Sauti za Wananchi ili kila raia apate kusikika. Na kweli walisikika. Ukiandika kwamba umeamka, mikoa yote inajua umeamka. Ukipiga picha ya ugali wako, ugali unapata jina. Aliyependezwa na ulichoandika alibonyeza kitufe, na kitufe kikatoa kigelegele. Hapakuwa na kitufe kingine, kwa sababu Wizara ilikwishafanya utafiti na kuthibitisha kwamba wananchi wana furaha.

Simu zilitetemeka kutwa. Zilitetemeka mifukoni, kwenye vikapu vya sokoni, ndani ya soksi za askari wa gwaride. Watu walizoea kuacha sentensi katikati na kuinamisha kichwa, na wenzao hawakuona vibaya, maana nao walikuwa wameinama. Waganga waligundua maradhi mapya ya kidole gumba kujisogeza chenyewe mtu akiwa amelala. Wizara ikayatangaza kuwa mazoezi ya viungo.

Ndani ya nchi hiyo aliishi mwalimu wa jiografia aitwaye Sikudhani Mbwilo, mwanamke wa makamo, mrefu, mwenye sauti ya kusikika hadi dawati la nyuma. Mumewe alikuwa Mbaruku, fundi wa majokofu. Hawakujaliwa mtoto. Walikuwa na nyumba yenye baraza ndogo, na uani kulikuwa na majokofu ya watu yakisubiri zamu, yamesimama kama wageni ambao hawajakaribishwa viti.

Mbaruku akafa.

Siku ya maziko ilipopita na watu kutawanyika, Sikudhani alifanya kama raia yeyote angefanya. Aliingia Uwanjani akaandika: *Mume wangu Mbaruku ametangulia. Tumezika leo. Alikuwa mtu mwema.* Akaweka na picha yake akiwa ameshika bisibisi. Kisha akaketi kitandani, simu mkononi.

Vigelegele vikaanza. Kwanza kimoja kimoja, halafu kama harusi ya mtoto wa mkubwa. Wote waliomwonea huruma hawakuwa na namna nyingine ya kumwonyesha, wakabonyeza walichopewa. Simu ilipiga kelele mpaka ikapata moto. Ndipo Uwanja wenyewe ukamwandikia, kwa herufi za dhahabu: *Hongera, Sikudhani. Msiba wako unafanya vizuri kuliko misiba mingine katika wilaya yako.*

Aliyasoma maneno yale mara ya pili.

Ukaja ujumbe mwingine: *Waliopenda msiba huu walipenda pia magodoro ya Raha Tupu.* Na mwingine, baada ya vigelegele kupungua: *Wafuasi wako wanakusubiri. Je, kuna ndugu mwingine anayeumwa?*

Sikudhani aliizima simu, akaitia ndani ya mtungi mtupu, akafunika na kawa. Kisha akakaa barazani, akagundua kwamba hawezi kukaa akatulia.

* * *

Kutoka Uwanjani kuliruhusiwa na katiba. Raia anayetaka kutoka alitakiwa kwenda Idara ya Wanaotaka Kuondoka, iliyokuwa ghorofa ya juu kabisa ya jengo la Wizara, na lifti ya jengo hilo ilikuwa inashuka tu.

Mkurugenzi wa Idara alikuwa Bwana Ndimbo, mtu mnene, mpole, aliyevaa tai hata siku za joto. Alimkaribisha Sikudhani kwa mikono miwili, kwa kuwa tangu ateuliwe hakuwahi kupata mteja.

"Karibu sana, Mama. Umekuja kuondoa nini?"

"Mimi mwenyewe. Nataka kutoka Uwanjani."

"Uende wapi?"

"Nyumbani."

Bwana Ndimbo alicheka kidogo, akatazama simu yake, akasahau alichokuwa akicheka. "Mama, Uwanja ndio nyumbani. Hebu niambie ukweli, umeudhiwa na mtu? Tunaweza kumwondoa yeye."

"Nimeudhiwa na vigelegele."

"Vilikuwa vichache?"

"Mume wangu amekufa, Bwana Mkurugenzi. Nikaandika. Watu wakanipigia vigelegele."

"Wangapi?" aliuliza Bwana Ndimbo, kisha akaona uso wake, akajikohoza. "Samahani. Tumezoea kuuliza hivyo. Lakini elewa, Mama, wale walikuwa wanakupa pole."

"Basi mbona sikuisikia?"

Swali hilo halikuwa na jibu katika mwongozo wa Idara. Bwana Ndimbo aliufungua, akaupekua, akaufunga. Akaeleza kwamba utaratibu wa kutoka ulikuwa haujakamilika, ila utaratibu wa kurudi ulikuwa tayari na mzuri sana. Kama Mama angekubali kurudi kwanza, wangeweza kuangalia. Sikudhani alisimama. Akamshukuru kwa maji aliyopewa, akashuka kwa lifti, na tangu siku ile hakuingia tena Uwanjani. Kumbe kutoka hakukuhitaji zaidi ya hapo, lakini hakuna raia aliyekuwa amejaribu.

* * *

Msidhani alipata raha. Wanaosimulia habari kama hizi hupenda kusema kwamba mtu akiacha simu husikia ndege wakiimba. Sikudhani hakusikia ndege. Alisikia majokofu uani yakiwa kimya. Alifagia baraza iliyofagiwa. Alichemsha chai akaiacha ikapoa, akachemsha nyingine. Kidole gumba kilimwasha; alikikuta kikisugua kitambaa cha meza kutoka chini kwenda juu, kutoka chini kwenda juu, kana kwamba maua yaliyodariziwa pale yangebadilika.

Shuleni ilikuwa vilevile. Rafiki yake, Mwalimu Chausiku wa hisabati, aliyekuwa na meza mkabala na yake, alimwuliza kwa upole, "Shoga, mbona umepotea?"

"Nipo hapa, Chausiku. Tumekaa wote tangu asubuhi."

"Uwanjani, nasema. Jana nimekuita mara chungu nzima."

"Niite sasa."

Chausiku alifungua mdomo. Akafikiri. Alikuwa mtu mwema, na alikuwa amehudhuria maziko, lakini kwa kweli hakukumbuka alichotaka kumwambia. "Nitakutumia," alisema mwishowe, akainama.

Jumapili moja, katika kuzungukazunguka chumba hadi chumba, Sikudhani alivuta kompyuta kuukuu ya Mbaruku iliyokuwa chini ya kitanda. Akakumbuka kwamba zamani, kabla ya Uwanja, alikuwa na blogu.

Vijana wa nchi ile hawakujua blogu ni nini, kwa hiyo na mimi nieleze. Ilikuwa ukurasa wa mtu mmoja kwenye mtandao. Unaandika unalotaka, kwa urefu unaotaka, unaacha hapo. Anayependa anakuja kusoma. Asiyependa anapita. Akitaka kusema neno, chini kuna nafasi ya kuliandika, na hana budi kuliandika mwenyewe, herufi kwa herufi. Ndiyo hiyo tu. Watu waliihama kwa sababu ilikuwa na kimya kingi.

Ya Sikudhani ilikuwa bado ipo, imejaa vumbi, kama vumbi lingeweza kufika huko. Andiko la mwisho, la miaka mingi nyuma, lilimalizika hivi: *Kesho nitaendelea na habari ya paka wetu.*

Aliketi. Aliinuka. Akaketi tena. Akaandika: *Naomba radhi kwa kuchelewa. Paka alikwishakufa, na sasa mwenye paka naye.* Halafu mikono yake, iliyokuwa haitulii kwa majuma, ikapata kazi. Aliandika jinsi Mbaruku alivyokuwa akiweka sikio kwenye ubavu wa jokofu, amefumba macho, kabla ya kuligusa na chombo chochote. Jinsi alivyowaambia wateja, "Litanguruma kidogo, lakini litagandisha." Jinsi alivyopenda machungwa baridi, akiyala amesimama mbele ya jokofu lililo wazi, na mkewe akimgombeza kwamba anaruhusu joto liingie. Aliandika mpaka mwangaza ukapungua dirishani. Akabonyeza pa kutuma.

Hakuna kilichotetemeka.

Alisubiri. Akaenda jikoni, akarudi. Akaangalia. Hakuna. Kwa siku kadhaa alikuwa kama mtu aliyetupa jiwe kisimani asisikie limetua. Hata hivyo aliandika tena, kwa sababu bado kulikuwa na habari ya siku Mbaruku alipomchumbia, naye aliona si haki kuiacha katikati.

Ndipo siku moja akakuta maneno chini ya andiko la kwanza. Yaliandikwa na mtu aitwaye Kibwana, wa mji wa kaskazini ambao Sikudhani aliufundisha darasani lakini hakuwahi kufika. *Mwalimu, marehemu alinitengenezea jokofu nilipokuwa nakaa huko. Bado linanguruma kama alivyosema, na bado linagandisha. Sikujua kama amefariki. Nimekaa nalo jikoni leo kidogo. Endelea kuandika, nasoma polepole.*

Sikudhani alisoma maneno hayo akiwa amesimama. Baadaye alimwambia Chausiku kwamba alihisi njaa, njaa ya kweli, kwa mara ya kwanza tangu msiba, na kwamba alikula wali wa jana bila hata kuupasha moto.

* * *

Sasa twende Wizarani.

Katika ofisi ya Waziri wa Sauti za Wananchi, Mheshimiwa Dakta Pambanua Ligembe, kulikuwa na Kioo Kikuu kilichofunika ukuta mzima. Kila raia alikuwa nukta moja ya mwanga. Raia akipiga kigelegele, nukta inawaka. Mheshimiwa hakuweza kulala bila kukitazama, na hakuweza kukitazama akiwa ameketi; alitembea mbele yake, huku na huko, mpaka zulia likawa na njia.

"Kile nini?" aliuliza siku moja, akionyesha kwa fimbo.

Palikuwa na nukta nyeusi. Ndogo, lakini nyeusi.

Wasaidizi walisema ni uchafu, wakapangusa. Haikutoka. Wakasema ni raia aliyekufa, lakini waliokufa walikuwa wakiendelea kuwaka vizuri tu, jamaa zao wakiwabonyezea. Mwisho aliitwa Bwana Ndimbo, akakiri kwamba huenda ni mwalimu mmoja.

"Anafikiri nini?" aliuliza Waziri.

"Hatujui, Mheshimiwa."

"Hatujui namna gani? Juzi alipenda nini?"

"Hakupenda kitu."

"Alichukia nini?"

"Hakuchukia kitu, Mheshimiwa. Anaandika kwake."

Waziri alisimama, jambo ambalo watu hawakulizoea. Kisha akaanza kutembea kwa kasi zaidi. "Mtu anaongea peke yake, hadharani, bila kuhesabiwa," alisema. "Ndugu zangu, taifa linaanza kuvuja hivyo hivyo. Fungeni."

Bwana Ndimbo aliuliza sababu ya kufunga itakuwa ipi. Hapo Waziri, ambaye alikuwa amesoma, alikumbuka kwamba kulikuwa na wageni wa kimataifa mjini. Akanyoosha koti. "Sisi ni nchi ya haki," alisema, na msaidizi wa habari akaanza kurekodi. "Hatufungi tusichokijua. Natamka kuanzia leo: hakuna blogu yoyote itakayofungwa katika ardhi hii kabla ya kusomwa yote, neno kwa neno, na kamati iliyoundwa kisheria, mpaka mwandishi amalize alichoanza kusema."

Makofi yalipigwa. Tamko likawa sheria kabla ya chakula cha mchana, na Bwana Ndimbo akawa mwenyekiti wa kamati.

Kazi ilikuwa ngumu kuliko walivyotazamia. Wajumbe walikuwa maofisa wazoefu, wenye shahada, lakini tangu Uwanja uje hakuna aliyekuwa amesoma kitu kinachozidi mistari mitatu. Wa kwanza alianza aya kwa ujasiri, akafika katikati, jasho likamtoka, akaomba kutoka nje. Ikaamuliwa wasome kwa kupokezana. Mmoja anasoma aya kwa sauti, wenzake wanashikilia simu zake ili asizitazame, kisha anapumzishwa kwa juisi. Mjumbe mmoja, wa Itifaki, alizimia kwenye sentensi iliyokuwa na "ijapokuwa."

Taarifa ya kwanza kwa Waziri ilikuwa fupi. Bwana Ndimbo aliisoma amesimama wima.

"Mheshimiwa, inaonekana alimpenda mumewe."

Waziri alikunja uso. "Kwa maslahi ya nani?"

"Bado tunafuatilia."

* * *

Sikudhani aliitwa. Alikwenda na sare yake ya ualimu, na mkoba wenye madaftari ya kusahihisha, kwa kuwa alijua atangojeshwa.

Waziri alimpokea akitembea. Alimsifu kwa kutumikia taifa, akamsifu marehemu, akasifu majokofu kwa ujumla. "Mwalimu," alisema, "kamati yangu inaniambia unaandika vizuri. Sasa kwa nini uandike gizani? Rudi Uwanjani. Nitakupa jukwaa la dhahabu. Nitakupa cheo cha Mjane wa Taifa. Habari ya mumeo itakatwa vipande vidogo vinavyomezeka, kila kipande na muziki wake."

"Nashukuru, Mheshimiwa. Habari yenyewe haikatiki."

"Kila kitu kinakatika. Hotuba zangu zinakatwa."

"Ndiyo, nimeona."

Msaidizi mmoja alikohoa. Waziri alikwenda mpaka kwenye Kioo, akarudi. Ilionekana jambo linamkera kuliko alivyotaka kuonyesha. "Wanakusoma watu wangapi?"

"Sijui."

"Unaandika bila kujua?" Sauti yake ilishuka, ikawa karibu ya mtu wa kawaida. "Unavumiliaje?"

"Sivumilii sana," alisema Sikudhani. "Nazunguka nyumba. Nachemsha chai siinywi. Halafu narudi kuandika, maana nikiwa pale najua niko wapi."

Waziri alimtazama kwa muda mrefu kuliko alivyokuwa amemtazama mtu yeyote mwaka ule. Kisha simu yake ikatetemeka, na mkutano ukaisha.

Akiwa ngazini, Bwana Ndimbo alimkimbilia akihema. Alitazama nyuma, akatazama mbele. "Mwalimu, lazima nikueleze kwa uaminifu wa kiofisi. Ukimaliza habari ya Bwana Mbaruku, nitafunga blogu yako. Ndivyo sheria inavyosema."

"Na nisipoimaliza?"

"Basi tutaendelea kusoma." Akalegeza tai. "Jana umetuacha pale alipopanda paa kuondoa kiota. Mjumbe wa Itifaki hajalala."

* * *

Kwa hiyo alikuwa na njia ya kuendelea kuandika miaka na miaka. Angeweza kukaa kwenye paa lile mpaka astaafu. Chausiku alimshauri hivyo hivyo, walipokuwa wakigawana muhogo wa kuchoma wakati wa mapumziko. Mwalimu Chausiku siku hizi alikuwa akiweka simu chini ya daftari alipozungumza naye. Ilitetemeka huko, na jicho lake liliruka, lakini hakuichukua.

"Wazungushe tu," alisema. "Andika utoto wa Mbaruku. Andika babu zake. Serikali yenyewe imekupa muda."

"Nimejaribu. Juzi nimeandika aina zote za machungwa."

"Niliyasoma. Yalikuwa mengi."

"Unasoma?"

Chausiku alimenya kipande cha muhogo kisichohitaji kumenywa. "Kwenye simu ya mwanangu," alisema. "Shoga, kuna kitu unakikwepa. Mimi nilikuwepo mazikoni, lakini hospitali sikuwepo. Hujaniambia ilikuwaje."

Sikudhani alikusanya maganda ya muhogo. Jioni ile alifagia, akapanga vyombo, akavipangua. Alijua kwamba akiandika siku ile ya hospitali, mambo mawili yatakwisha kwa pamoja, blogu yake na mumewe. Maana kwa majuma yote aliyokuwa akiandika, Mbaruku alikuwa bado anapanda paa, bado anakula chungwa amesimama. Lakini pia aliona kwamba ameanza kumtumia. Alikuwa anamshikilia juu ya paa ili yeye asibaki peke yake, na Mbaruku hakuwa mtu wa kuachwa juu ya paa.

Akaketi, akaandika hivi; wale waliowahi kuisoma bado wanaikumbuka:

*Tulifika hospitali kabla ya jua kuwa kali. Kifua kilikuwa kinambana. Tuliambiwa tungoje kwenye benchi, kwa kuwa siku hiyo wahudumu wote walitakiwa kucheza dansi uani kwa mashindano ya Uwanja, na hospitali isiyoshiriki ingenyimwa dawa. Tuliwaona kupitia dirishani. Walicheza vizuri. Mbaruku alipiga mguu chini taratibu, akifuata ngoma. Akaniambia, "Yule wa pembeni anakosea hatua." Nikamwambia anyamaze, asije akasikika. Akacheka bila sauti, kama kawaida yake, akalaza kichwa begani kwangu. Nilidhani amelala. Sikutaka kumwamsha, nikakaa bila kutikisika mpaka wimbo ukaisha na wakauanza upya. Muuguzi alipokuja alikuwa bado anahema kwa dansi. Alimshika mkono, akaniangalia, akaketi chini sakafuni karibu na miguu yetu. Hiyo ndiyo habari ya mume wangu. Nimeimaliza.*

Alituma. Hakuzunguka nyumba. Alilala kitandani na nguo zake.

Asubuhi kulikuwa na maneno chini ya andiko, mlolongo mrefu kuliko wote aliowahi kuona. *Pole, mwalimu. Pole sana.* Kibwana wa kaskazini: *Nimezima jokofu kidogo, nikaliwasha tena. Sikujua la kufanya.* Wengine hakuwafahamu kabisa. Kila pole ilikuwa imeandikwa na mtu, na nyingine zilikuwa na makosa ya herufi. Chausiku aliandika kwa jina lake kamili. Na kati yao kulikuwa na hili: *Ni mimi niliyekuwa pembeni, kisha nikaketi sakafuni karibu nanyi. Nilikosea hatua kwa sababu nilikuwa nawatazama ninyi kupitia dirishani na sikuruhusiwa kutoka mstarini. Naitwa Tumsifu. Nilitaka kukwambia siku ile nikashindwa.*

Sikudhani aliyasoma yote, moja moja. Alipofika mwisho alilia, kwa sauti ile ya kufika dawati la nyuma, na majirani wakaja kwa miguu yao wakakaa naye.

Saa za kazi zilipoanza, Bwana Ndimbo alifunga blogu. Alikuwa mtumishi mwaminifu, na hakuna anayemlaumu. Wanasema alivaa tai nyeusi, na kwamba kabla ya kubonyeza aliomba kamati isimame.

* * *

Wizara ilitazamia kwamba mambo yataishia hapo, na kwa kawaida ndipo yanapoishia.

Ila Tumsifu, yule muuguzi, alikuwa na mengine ya kusema kuhusu dansi na dawa, na mahali pa kuyasema palikuwa pamefungwa. Akafungua blogu yake. Kibwana akafungua ya kwake, akaandika habari ndefu ya jokofu na mke aliyemwacha. Chausiku, ambaye maisha yake yote alikuwa mtu wa tarakimu, aliandika kuhusu mtoto wake wa kwanza aliyefariki akiwa mchanga, ambaye hakuna aliyewahi kuuliza jina lake. Wanafunzi wake walisoma, na kesho yake darasani walimwamkia kwa adabu ambayo haikuwa ya woga. Watu wa wilaya nyingine wakaona, wakakumbuka kwamba nao walikuwa na jambo.

Waziri aliamuru zote zifungwe. Bwana Ndimbo akamkumbusha, kwa heshima, tamko lake mwenyewe.

"Zisomwe basi," alisema Waziri. "Haraka."

Zikaundwa kamati. Kwanza idara moja, halafu Wizara nzima, halafu wakaazimwa makarani wa wizara nyingine na maofisa wa gwaride. Walikaa kwenye madawati, simu zimekusanywa kwenye ndoo, wakasoma. Wengi walianza kwa kutoka jasho. Baada ya muda walikuwa wakichelewa kwenda kula. Waandishi nao hawakuwa na mpango wa kumaliza walichoanza kusema, wala sheria haikuwataka.

Sikudhani alihamishwa shule. Akaanza blogu nyingine huko alikohamishiwa, kuhusu mlima uliokuwa nyuma ya shule hiyo, na wasomaji wa kamati yake wakagombea zamu. Bado alikuwa hatulii. Alizunguka, alichemsha chai. Lakini siku hizi aliinywa nusu.

Mheshimiwa Dakta Ligembe alibaki mbele ya Kioo Kikuu. Kilikuwa kimejaa nukta nyeusi, na zilizowaka zilikuwa za mawaziri wenzake wakipigiana vigelegele.

"Wananchi wako wapi?" aliuliza.

"Wanaandika, Mheshimiwa," alisema Bwana Ndimbo kutoka mezani, bila kuinua macho.

"Wanasema nini?"

"Hatujui bado. Tunasoma."

Waziri alitembea mpaka mwisho wa zulia akarudi. Jioni, ofisi ilipokuwa karibu kufungwa, aliomba aletewe kompyuta. Akasema ni kwa ajili ya uchunguzi. Akafunguliwa ukurasa mtupu, mweupe, usio na kitu kinachotetemeka, akaketi mbele yake, kwa mara ya kwanza tangu ateuliwe. Alijikuna shingo. Alivua saa, akaivaa. Kisha akaandika neno moja, *Mimi*, akalitazama, akasubiri.

"Ndimbo," aliita baada ya muda. "Nimeandika 'mimi.' Baada ya hapo wanaweka nini?"

Bwana Ndimbo aliweka kidole kwenye mstari aliokuwa akiusoma ili asiupoteze, akageuka.

"Hapo, Mheshimiwa," alisema, "ofisi haiwezi kukusaidia."